KINA CHA MAJI NA MWANGWI WA SAUTI
Namna ya kuchagua na kufunga kipima-kina cha bei nafuu kwenye pantoni ndogo

Nyamigogo ni nchi ya vilima iliyo kati ya Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, na mgeni apitaye huko kwa gari huenda asifikirie kabisa habari za vyombo vya majini. Hata hivyo mwenyeji wa huko anayo maji ya namna tatu yasiyo mbali naye sana. Upande wa magharibi upo mto Ruvubu, utokao Burundi na kuungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Upande wa kaskazini lipo ziwa Burigi, ambalo tangu mwaka 2019 limo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Na upande wa mashariki ziko pwani za ziwa Viktoria, penye bandari ya zamani ya Nyamirembe na Ghuba ya Emin Pasha. Maji hayo matatu hayafanani. Mto hubeba mchanga na kuuhamisha kila masika, ziwa dogo lina ukingo wa matete na tope laini, na ziwa kubwa lina miamba. Lakini yote yana tabia moja inayomsumbua nahodha, nayo ni kwamba chini yake hakuonekani.

Neno pantoni limezoeleka Tanzania kwa maana ya kivuko kikubwa kibebacho magari, kama vile vilivyokuwa vikivusha watu kati ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja la huko kufunguliwa mwaka 2025. Asili ya neno hilo ni chombo kisicho na mkuku wala mbavu, bali sakafu bapa iliyolazwa juu ya maboya yaliyo matupu ndani. Makala haya yanahusu pantoni ndogo ya namna hiyo, yenye urefu wa mita 6 hadi 10. Maboya yake huwa mawili, marefu kama mabomba, ya bati la alumini. Au, pale ambapo fedha ni haba, safu mbili za mapipa ya mafuta yaliyozibwa na kufungwa kwenye fremu ya mbao. Chombo hiki kinafaa sana kwa kuchukua vipimo vya maji, kuhudumia vizimba vya samaki, kusafirisha mizigo myepesi na kutembeza watalii, kwa sababu sakafu yake ni pana na hakiyumbi ovyo.

Kwa kuwa pantoni ndogo huzama majini kiasi cha sentimeta 40 au 50 tu, wenye vyombo hivyo aghalabu hudhani kwamba hawana haja ya kujua kina. Dhana hiyo inafaa kuchunguzwa. Bati la boya ni jembamba, unene wake ukiwa milimeta chache, na kisiki kimoja cha mti uliozama kinaweza kulipasua. Tena boya liko chini ya sakafu, mbali na macho. Likianza kuingiza maji, abiria hawaoni kitu mpaka chombo kiegemee upande mmoja. Hapo watu hukimbilia upande wa pili kwa pamoja, na hatari huwa kubwa kuliko ya tundu lenyewe.

Visiki vilivyozama si jambo la kubuni. Maji ya ziwa Viktoria hupanda na kushuka kwa miaka. Kati ya mwaka 1961 na 1964 yalipanda kwa kadiri ya mita 2 na nusu. Mwaka 2006 yalikuwa yamepungua sana, miamba ikachomoza mahali ambapo watu hawakuizoea. Kisha Mei 2020 yalifikia kimo kilichoipita hata rekodi ya 1964, yakafunika magati, mashamba na miti ya ukingoni. Tofauti kati ya 2006 na 2020 ni karibu mita 3. Nahodha aliyejifunza njia zake katika miaka ya maji machache, akaziamini katika miaka ya maji mengi, anaendesha chombo juu ya ramani iliyokwisha kubadilika.

UPONDO, BILDI NA PIMA

Watu wa majini hawakungoja elektroniki ndipo wapime kina. Mwenye mtumbwi hutumia upondo, yaani mti mrefu wa kusukumia chombo, na kwa upondo huohuo hujua kama chini ni mchanga, tope au jiwe. Mabaharia wa pwani walitumia bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba yenye alama. Kamba hiyo ilihesabiwa kwa pima, kipimo cha mikono miwili iliyonyooshwa, ambacho ni kama mita 1.8. Bildi nyingine zilikuwa na shimo chini lililotiwa shahamu, ili chembe za mchanga au tope zinate humo na kumwambia nahodha aina ya sakafu iliyo chini yake. Ni chombo cha busara, na hata leo hakuna kifaa cha bei ndogo kinachoshinda bildi kwa kutoa ushahidi wa mkononi.

Upungufu wake ni wakati. Kwa ziwa Viktoria, ambalo kina chake kikubwa ni kama mita 80 na cha wastani kama mita 40, mtu anaweza kuvumilia kushusha na kupandisha kamba. Kwa ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 penye shimo kubwa kuliko yote, kazi hiyo huchukua muda mrefu sana kwa kipimo kimoja. Sauti huenda chini huko na kurudi katika sekunde mbili hivi. Na chombo kinachokwenda hakiwezi kupimiwa kwa kamba pasipo kupunguza mwendo.

SAUTI NDANI YA MAJI

Mwaka 1826 Jean-Daniel Colladon na mwenziwe Charles Sturm walifanya jaribio katika ziwa la Geneva, Uswisi. Katika mashua moja waligonga kengele iliyozamishwa majini, na papo hapo wakawasha baruti ili mwanga uonekane mbali. Katika mashua ya pili, zaidi ya kilometa 13 kutoka hapo, Colladon alitega sikio kwenye bomba lililoingizwa majini, akahesabu muda kati ya mwanga na sauti. Jibu lao lilikuwa mita 1,435 kwa sekunde, katika maji ya baridi ya nyuzi 8 za Selsiasi. Vipimo vya sasa vinatofautiana na hicho kwa mita chache tu. Sauti hewani huenda mita 340 hivi kwa sekunde; ndani ya maji huenda zaidi ya mara nne ya hapo.

Joto huongeza mwendo huo. Katika maji matamu ya nyuzi 25, ambayo ndiyo hali ya kawaida ya ziwa Viktoria karibu na uso, sauti huenda karibu mita 1,497 kwa sekunde. Kwa hesabu za shuleni 1,500 yatosha, maana kosa lake ni mbili tu katika elfu moja.

Kanuni ya kupima kina kwa mwangwi hufuata hapo. Sauti hutumwa chini, hugonga sakafu, hurudi. Muda wote ukijulikana, huzidishwa kwa mwendo wa sauti, kisha hugawanywa kwa mbili kwa kuwa njia imepitwa mara mbili. Mathalani, mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, kina ni 1,500 mara 0.04, yaani 60, gawa kwa 2, mita 30. Mwanafunzi anaweza kujaribu kanuni hiyohiyo nchi kavu kwa kupiga makofi mbele ya ukuta mrefu wa shule. Akisimama umbali wa mita 85, mwangwi utamrudia baada ya nusu sekunde.

Kuzama kwa meli ya Titanic mwaka 1912 kuliwahimiza wavumbuzi kutafuta njia ya kutambua vitu vilivyofichwa na maji. Alexander Behm wa Ujerumani alipata hataza ya kupima kina kwa mwangwi mwaka 1913. Katika vita vya kwanza vya dunia Paul Langevin wa Ufaransa alitumia tabia ya fuwele za kwatzi iliyogunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Fuwele hizo zikibanwa hutoa umeme. Na zikipewa umeme hutetemeka. Kwa hiyo kitu kimoja kinaweza kuwa kinywa na sikio. Mwaka 1948 ndugu wa ukoo wa Furuno huko Japani waliuzia wavuvi chombo cha namna hii, na tangu hapo bei imeshuka mpaka kuwafikia watu wa kawaida.

KIFAA CHENYEWE

Kipima-kina cha leo kina sehemu mbili kubwa. Ya kwanza ni transdusa, kipande cha plastiki chenye kigae kinachotetemeka ndani yake, ambacho hukaa majini. Ya pili ni kisanduku chenye kioo, ambacho hutoa umeme wa kutetemesha kigae, husikiliza mwangwi, hupiga hesabu na kuonyesha jibu. Kati yao kuna waya. Mitetemo inayotumika ni mingi mno, kwa kawaida 200,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 200, ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Urefu wa wimbi lake majini hupatikana kwa kugawa 1,500 kwa 200,000: milimeta 7 na nusu. Wimbi fupi huonyesha vitu vidogo kwa uwazi, lakini huchoka mapema. Wimbi refu, mathalani la kilohezi 50, hufika mbali zaidi lakini huona kwa ukungu. Kwa maji yote yaliyotajwa katika makala haya kilohezi 200 zinatosha, na hapana sababu ya kulipia zaidi.

Sauti hiyo haishuki kama uzi, bali hutanuka kama mwanga wa kurunzi. Transdusa yenye pembe ya nyuzi 20 ikiwa juu ya maji ya mita 10 huona duara lenye upana wa mita 3 na nusu hivi chini. Yenye pembe ya nyuzi 60 huona duara la mita 11 na nusu. Namba inayoonyeshwa aghalabu ni ya sehemu iliyo juu kuliko zote ndani ya duara hilo, kwa sababu mwangwi wake ndio unaowahi kurudi. Basi kwa usalama pembe pana ina faida, maana hutaja mwamba ulio pembeni; kwa kuchora umbo la sakafu pembe nyembamba ndiyo bora.

Jambo moja la fizikia linastahili kukaziwa, maana ndilo linaloamua kama kifaa kitafanya kazi au la. Sauti iliyomo majini ikifika penye hewa, karibu yote hurudishwa. Ni sehemu kama 1 tu katika 1,000 ya nguvu yake inayopenya. Kwa tabia hiyo samaki wenye kibofu cha hewa, kama sangara, huonekana wazi katika kioo, na watafiti hufaidika nayo: tangu mwaka 1999 Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, pamoja na wenzao wa Kenya na Uganda, wamekuwa wakikadiria kwa vipindi wingi wa samaki wa ziwa Viktoria kwa mwangwi. Lakini tabia hiyohiyo ni adui wa fundi. Utando wa mapovu ukikaa mbele ya transdusa ni kama ukuta. Na boya tupu la pantoni limejaa hewa. Zipo transdusa zinazobandikwa ndani ya mashua ya plastiki na kupiga sauti kupitia ubavuni. Katika pantoni njia hiyo haiwezekani kabisa, na mwuzaji anayeahidi vinginevyo hajui bidhaa yake.

KUCHAGUA

Kabla ya kutoa fedha, mwenye chombo hana budi kujiuliza kama kweli anahitaji kununua. Pantoni inayovuka mto mahali pamoja, kwa njia ileile kila siku, yaweza kuhudumiwa na bildi na upondo: njia hupimwa kila mwisho wa masika, vigingi vya alama hupigwa, basi. Anayehitaji kifaa ni yule anayebadili njia, anayefika pwani ngeni, au anayefanya kazi ya kupima.

Kifaa cha mkononi chenye umbo la kurunzi ndicho rahisi kuliko vyote kwa matumizi. Mtu hukizamisha ncha yake, hubonyeza, husoma namba. Hakihitaji kufungwa, hutumia betri ndogo, na chaweza kuhamishwa kutoka mtumbwi hadi pantoni. Kwa shule ya sekondari hicho ndicho cha kufikiriwa kwanza. Kasoro yake ni kwamba nahodha hawezi kukishika na kuongoza chombo wakati huohuo.

Vifaa vya kufungwa vyenye kioo kidogo huanzia bei ya dola 100 hadi 150 za Kimarekani, na vingi vinauzwa kwa jina la vitafuta-samaki. Jina hilo lisimpoteze mnunuzi. Kazi ya kwanza ya kila kimoja ni kupima kina. Zipo pia transdusa ndogo za kuelea ambazo hutuma habari kwenye simu ya mkononi pasipo waya. Zinafaa kwa mtafiti aliye katika mtumbwi uliotulia. Kwa pantoni ya kila siku hazishauriwi: simu hupata joto juani, kioo chake hakisomeki, na chaji huisha mtu akiwa katikati ya maji.

Matangazo ya wauzaji hujivunia kufikia kina cha mamia ya mita. Katika ziwa Viktoria sifa hiyo ni ya bure. Mambo ya kutazamwa ni mengine: kioo kisomeke penye jua la saa saba mchana, kisanduku kistahimili kuzamishwa kidogo na si kurushiwa matone tu, kuwe na king'ora cha kina kidogo kinachoweza kuwekwa kwa kipimo anachotaka mtumiaji, na transdusa ya badala ipatikane, maana hiyo ndiyo huvunjika kwanza. Uwezo wa kupokea mawimbi ya satelaiti na kujua mahali ulipo huongeza bei, lakini mtu anaweza kuuona kuwa na thamani, kwa kuwa mwamba uliogunduliwa leo waweza kuwekewa alama na kuepukwa mwaka ujao.

KUFUNGA TRANSDUSA

Sheria ya kwanza ni kutotoboa boya. Keekee isikaribie boya chini ya mstari wa maji wala popote ambapo maji yaweza kufika. Maboya mengi ya kiwandani huwa na kipande cha bati kilichochomelewa nyuma yake kwa ajili ya kushikilia vifaa. Hapo ndipo pa kufunga. Kama hakipo, kuchomelea kipya ni kazi ya fundi mwenye zana za alumini. Fundi wa kawaida wa chuma atalitoboa boya kwa moto wake.

Njia ya bei nafuu, ambayo ndiyo pekee kwa pantoni ya mapipa, ni mkono wa mbao ngumu au bomba. Mkono huo hufungwa kwenye boriti ya sakafu upande wa tezi, huteremka nyuma ya boya, na transdusa huwekwa kwenye ncha yake. Sehemu ya juu iwe na bolti moja ya kugeukia na nyingine ndogo ya kushikilia, ili mkono ukigonga kisiki uruke juu badala ya kuvunjika, na ili uweze kuinuliwa chombo kinapovutwa ufukoni.

Uso wa transdusa uwe chini ya tako la boya kwa sentimeta 1 au 2, usizidi sana. Ukiwa juu ya hapo, boya lenyewe huuziba na kuupelekea mapovu. Ukiwa chini mno huburuta magugu na hugonga kila kitu kwanza. Maji yanayofika hapo yawe yametulia. Kwa hiyo usikae nyuma ya kiungo, riveti au ukingo wa pipa unaochafua maji, wala karibu na rafadha, ambayo mafundi huiita propela. Umbali usiopungua sentimeta 40 kutoka kwenye rafadha unahitajika. Kwa injini moja iliyo katikati, boya la kulia kwa anayetazama omo ndilo huchaguliwa mara nyingi, kwa kuwa rafadha nyingi huzunguka kwa namna ambayo mapanga yake huteremka upande huo.

Uso wa transdusa uwe sambamba na uso wa maji wakati chombo kimebeba mzigo wake wa kawaida, si wakati kiko kitupu juu ya mawe ufukoni. Fundi akipima ulalo wake kwa pima-maji nchi kavu peke yake, baadaye atashangaa kwa nini sakafu ya ziwa inaonekana kwa ukungu. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kati yake na alumini pawekwe washa za plastiki. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji hufanya betri ndogo, na alumini ndiyo huliwa. Kwa sababu hiyohiyo rangi yenye shaba isipakwe kwenye boya la alumini.

Waya wa transdusa usikatwe hata kama ni mrefu kupita haja. Uliozidi ukunjwe na kufungwa chini ya sakafu. Usipitishwe pamoja na nyaya za injini, ambazo hutoa kelele za umeme na kujaza kioo vidoti vya uongo.

UMEME

Vifaa hivi hutumia volti 12 na umeme kidogo, kwa vile vidogo kama ampea 0.3. Betri ya ampea-saa 7, ukubwa wa ile ya pikipiki, ingekiendesha kifaa kwa saa 23 kwa hesabu tupu. Lakini betri ya risasi hufa mapema ikimalizwa kila siku. Heri kutumia nusu tu, yaani saa 11 hivi. Paneli ya jua ya wati 10 ikipata saa tano za jua zuri hurudisha kama ampea-saa 3, ambazo ni sawa na matumizi ya saa 10. Betri ya peke yake namna hii ni bora kuliko kuazima umeme wa betri ya kuwashia injini, maana kila injini inapowashwa volti hushuka na kifaa huzimika. Fyuzi ya kiasi kilichoandikwa na kiwanda iwekwe karibu na ncha chanya ya betri. Mtu anayeiacha fyuzi kwa kubana matumizi ameweka chanzo cha moto chini ya miguu ya abiria, penye tangi la petroli.

KUREKEBISHA NA KUJARIBU

Kifaa hupima kuanzia uso wa transdusa. Kama uso huo uko sentimeta 45 chini ya uso wa maji, na kioo kinaonyesha mita 0.80, kina cha maji ni mita 1.25. Vifaa vingi huruhusu sentimeta hizo kuongezwa ili kioo kitaje kina chote. Katika meli ya mkuku jambo hilo halina tatizo. Katika pantoni lina mtego, kwa sababu mzamo wake hubadilika kwa mzigo. Chukua pantoni ya maboya mawili yenye kipenyo cha sentimeta 60 na urefu wa mita 7. Maboya yakizama nusu, eneo lake penye uso wa maji ni 2 mara 0.6 mara 7, yaani mita za mraba 8.4. Wakipanda watu kumi wenye kilo 70 kila mmoja, uzito ulioongezeka ni kilo 700, ambao husukuma mita za ujazo 0.7 za maji. Gawa 0.7 kwa 8.4: chombo kimezama sentimeta 8 zaidi. Kwa nahodha, basi, ni afadhali kifaa kiachwe kionyeshe maji yaliyo chini ya boya, maana namba hiyo hubaki kweli chombo kikiwa kitupu au kimejaa. Mtafiti anayechora ramani ndiye anayehitaji kina kutoka juu, na yeye hana budi kupima mzamo kila safari.

Jaribio lifanywe siku ya maji matulivu, mahali patatu penye kina tofauti, kwa kulinganisha kioo na bildi. Kamba ya bildi ilowekwe kwanza na kuvutwa ndipo itiwe alama, la sivyo hurefuka baadaye na kusema uongo. Tofauti ikiwa sawa mahali pote patatu, ni ya mpangilio na husahihishwa kwa vitufe. Tofauti ikikua kadiri kina kinavyoongezeka, transdusa imelala upande au kamba ilisukumwa na mkondo.

Penye tope laini, kama kingo za Burigi, kifaa na bildi vyaweza kutofautiana pasipo kosa la chochote. Mwangwi hurudi kutoka juu ya tope jepesi, na bildi huzama ndani yake. Penye mwamba mgumu huonekana mara nyingine sakafu ya pili kwa kina maradufu ya ile ya kwanza. Ni mwangwi uliopanda, ukagonga uso wa maji, ukashuka tena. Majani marefu chini ya maji hutoa mwangwi wao wenyewe. Na mizizi ya gugu-maji, lile lililoenea ziwa Viktoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huning'inia kwenye transdusa na kuifunika. Dawa yake ni mkono kuinuliwa na kusafishwa.

MIPAKA YAKE

Penye maji ya chini ya nusu mita vifaa vingi vya bei nafuu hukosa jibu au hutoa namba za ovyo. Sababu yake yaeleweka. Mpigo mmoja wa sauti ukidumu sekunde 0.0002, urefu wake majini ni sentimeta 30, na kigae huendelea kutetemeka kidogo baada ya hapo kama kengele. Mwangwi wa karibu hurudi kinywa kikiwa hakijafungwa, na sikio halisikii. Hapo upondo hurudi kazini.

Tena kifaa hutaja kina cha mahali transdusa ilipo, nyuma ya chombo. Pantoni iendayo kilometa 10 kwa saa hupita karibu mita 2.8 kila sekunde. Kabla ya king'ora kulia, maboya yamekwisha pita juu ya mahali penye hatari, au hayakupita. Kwa hiyo king'ora kiwekwe kwa kina kikubwa kuliko haja, mita 2 mathalani, na mwendo upunguzwe mara kinaposikika. Penye miamba mikavu ya ghafla, kama iliyoko upande wa Mwanza, hata mita 2 hazitoshi kuwa onyo, na mtu wa kuangalia mbele akae omoni.

Wala kipima-kina hakipimi uzito. Kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 200, kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake. Elimu yote ya mwangwi isingekisaidia. Mwenye pantoni ambaye fedha zake zinatosha kitu kimoja tu anunue maboya ya kujiokolea kwanza, na chombo kikaguliwe na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania, ndipo afikirie kioo.

Kwa shule iliyo karibu na maji, au hata karibu na lambo, kazi yaweza kuanza pasipo kifaa chochote cha kununua. Kamba ya mita 30 itiwe fundo kila nusu mita, jiwe la kilo mbili lifungwe nchani, na mstari uvutwe kutoka ukingo hadi ukingo. Wanafunzi, wakiwa na mwalimu na wamevaa maboya, wapime kila baada ya mita 5 na kuchora umbo la sakafu kwenye karatasi ya miraba, na tarehe iandikwe juu yake. Mchoro huo ukirudiwa baada ya masika, palipojaa mchanga pataonekana.